Yule Chungu Aliyeruka Mkarafuuni

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Shamba la babu lipo upande wa Wete, na msimu ule mikarafuu ilikuwa imezaa mpaka matawi ya chini yanainama. Wanaume walikuwa juu na kamba zao. Sisi wanawake na watoto tulichuma ya chini, na jioni tukakaa kuchambua, karafuu kwenye jamvi, makonyo kando. Aliyewahi kuchuma karafuu Pemba hana haja ya kuelezwa maji moto ni nani. Ni wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi yakawa kama mfuko. Ukiugusa mfuko ule wanakuingia shingoni, mgongoni, ndani ya kanga, na kila mmoja huuma kwanza, kisha huinua tumbo na kulipulizia jeraha tindikali yake. Ukishaumwa huulizi jina lao limetokea wapi.

Siku hiyo nilikuwa nimelishika tawi, nawatazama wakipita kwenye gome, nasubiri wapungue ili nichume. Mmoja alikuwa peke yake, kando ya njia ya wenzake. Rangi yake ile ile, kiuno chake kile kile chembamba, anapapasa mbele yake kama wao. Nikamsogezea kidole. Akageuka akanitazama. Sina neno jengine la kusema: alinitazama. Kisha akaruka, akatua kwenye jani lililokuwa mbali naye kiasi cha vidole vinne, akapotelea upande wa chini.

"Ami! Chungu karuka!"

Ami yangu hata hakuinamisha uso. "Wapo hao, mwanangu. Huyo ndiye mrukaji. Katika maji moto mia, mmoja huruka."

Nililichukua jibu lile na nikakaa nalo miaka ishirini na zaidi. Sikuwa na sababu ya kulitilia shaka. Ami aliijua mikarafuu kuliko mtu yeyote niliyemjua, alikuwa akitazama tawi tu akakwambia litatoa pishi ngapi, na tena mimi mwenyewe nilikwisha kuona kwa macho yangu. Nilipokuwa mwalimu wa bayolojia, skuli ya sekondari hapa hapa kisiwani, kila nilipofika somo la wadudu niliwasimulia wanafunzi habari ya chungu mrukaji wa mikarafuuni. Waliipenda. Nilisema kama jambo la hakika, na wao wakaandika kwenye madaftari yao kama jambo la hakika.

Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili akaja asubuhi na chupa ya jemu, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Akaiweka mezani kwangu, hakusema kitu mpaka wenzake walipotoka. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwa adabu ya mtoto anayemrekebisha mkubwa wake: "Mwalimu, nimemleta yule mrukaji. Lakini ana miguu minane."

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Miguu miwili ya mbele alikuwa ameinyanyua hewani, anaitikisa mbele ya uso kama vipapasio, na nyuma yake kulikuwa na sita ya kutembelea. Ukimtazama kwa haraka unapata chungu kamili: miguu sita na vipapasio viwili. Ukihesabu, unapata buibui.

Siku ile niliumia. Si kwa kusahihishwa na mtoto, kwani mwalimu asiyeweza kusahihishwa hana kazi darasani. Niliumia kwa kufikiria madarasa yote yaliyopita mikononi mwangu, na watoto waliokwisha kuondoka na daftari lenye kosa langu, ambao siwezi tena kuwafuata. Wengine sasa ni wazazi.

Basi nikaanza kusoma, na nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kumpenda yule mdudu wa chupa. Yumo katika familia ya buibui warukao, yenye spishi zaidi ya 6,000 duniani, na katika jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, iitwayo Myrmarachne, buibui wanaojifananisha na chungu. Kwa nini ajifananishe na maji moto? Kwa sababu ndege wengi na vunjajungu hawamtaki chungu. Anauma, ana tindikali, na ana ndugu elfu nyuma yake. Buibui laini akivaa sura ya chungu anapita salama. Na kule kunitazama kwake nikakuelewa pia. Buibui hawa wana macho makubwa mawili mbele ya uso, na wakitaka kuona kitu vizuri hugeuza mwili mzima kukielekea. Mtoto wa miaka tisa hakukosea. Kweli nilitazamwa.

Kilichonishangaza zaidi ni anavyoruka. Mguu wa buibui una misuli ya kuukunja, lakini katika viungo vyake viwili vikubwa hakuna msuli wa kuunyoosha. Anaunyoosha kwa kusukuma majimaji ya mwili ndani ya mguu, kama mpira wa kumwagilia bustani uliojikunja unavyonyooka bomba likifunguliwa. Parry na Brown, watafiti wa Uingereza, walilieleza jambo hili mwaka 1959. Ndiyo maana buibui akifa miguu yake hujikunja ndani: presha imekwisha, misuli ya kukunja imebaki peke yake. Kila mtu amemwona buibui aliyekufa hivyo kwenye pembe ya nyumba, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Mwaka 2020 watafiti walipowalinganisha buibui hawa wanaojifanya chungu na buibui wengine warukao, wakakuta wanaojifanya chungu huruka vibaya zaidi kuliko jamaa zao. Umbo la chungu linamlinda, lakini linamnyang'anya sehemu ya mruko wake.

Nikarudi darasani na kuwaambia ukweli. Nikawaonesha chupa, nikawaacha wahesabu wenyewe mmoja mmoja. Kisha nikafanya kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Niliandika ubaoni: *Chungu hawaruki.* Nilikuwa nimekosea kwa kuamini neno la mtu bila kuhesabu. Sasa nikakosea kwa kuchukua mdudu mmoja niliyemhesabu na kuwahukumia wengine wote, spishi zaidi ya 14,000 zilizokwisha kupewa majina.

Haukupita mwaka. Tulikwenda msitu wa Ngezi na kundi la wanafunzi, kaskazini magharibi mwa kisiwa, ambako bado kuna miti mikubwa ya asili na ardhi ina unyevu wakati wote. Mvulana mmoja akageuza gogo lililooza. Chini yake kulikuwa na chungu wa kahawia iliyokoza, warefu kama sentimita moja, na vichwa vya ajabu: taya ndefu, nyembamba, zimefunguliwa wazi kabisa kushoto na kulia, kama mtu aliyetandaza mikono kuzuia njia. Akamgusa mmoja kwa kijiti.

*Tik.*

Tulisikia sote, sauti kama ya kucha ikipiga kucha. Chungu hakuwepo tena. Tulimpata zaidi ya shibiri moja nyuma ya pale alipokuwa, anasimama, anajipangusa kipapasio. Mvulana akamgusa mwengine. *Tik*, naye akaruka kinyumenyume.

Yule msichana wa chupa alikuwa pamoja nasi. Alichutama, akasogeza uso karibu, na nilimwona midomo ikitembea. Alikuwa anahesabu. "Sita, mwalimu," akasema. "Na vipapasio viwili mbali."

Hatukubeba kitu, kule ni hifadhi. Lakini mmoja wao alikuwa na simu ya kurekodi picha za polepole, picha 240 kwa sekunde, tukarekodi mara nyingi. Usiku niliirudia video nyumbani, picha moja moja. Katika picha moja taya zimefunguliwa. Katika picha inayofuata zimefungwa, na chungu yuko hewani. Hakuna kitu katikati.

Sababu yake nimeipata baadaye. Chungu hawa ni wa jenasi Odontomachus, wenye taya za mtego, na jamaa zao wameenea nchi za joto karibu zote. Mwaka 2006 mtafiti Sheila Patek na wenzake walipima spishi mojawapo kutoka Costa Rica kwa kamera za kasi kubwa mno. Taya zilifungwa kwa wastani wa milisekunde 0.13. Igawe sekunde moja vipande elfu, chukua kipande kimoja ukigawe tena vinane: kimoja kati ya hivyo vinane ndio muda wenyewe. Simu yetu ilipiga picha kila baada ya milisekunde 4 na kitu, kwa hiyo taya zingeweza kufunga zaidi ya mara thelathini kabla ya picha ya pili. Kasi waliyopima ilikuwa kati ya mita 35 na 64 kwa sekunde, yaani kilomita 126 hadi 230 kwa saa, katika kitu chenye urefu wa chini ya punje ya mchele.

Hakuna msuli unaoweza kwenda kasi hiyo. Hapa niliwaambia wanafunzi wafikirie manati. Ukilirusha jiwe kwa mkono, jiwe haliwezi kupita kasi ya mkono wako. Ukitumia manati, mkono unavuta mpira taratibu, nguvu inawekwa kwenye mpira, na ukiachia mpira unarudi kwa kasi ambayo mkono hauijui. Chungu wa Ngezi amebeba manati kichwani. Anazifungua taya mpaka zinakaa kwenye kizuizi. Msuli mkubwa uliojaa kichwa chake unavuta taratibu, na ganda la kichwa pamoja na kano ya msuli vinapindika na kuweka nguvu. Katikati ya taya kuna vinyweleo. Kitu kikigusa unyweleo, kizuizi kinaachia.

Taya zikikutana na kitu laini na kidogo, wamekamata chakula. Zikigonga kitu kigumu na kikubwa, kama kijiti cha mwanafunzi wangu, nguvu inarudi kwa chungu mwenyewe na kumtupa nyuma. Na wanayo namna ya tatu. Wakibanwa sana huinamisha kichwa na kuipiga ardhi kwa makusudi, wakapaa juu. Katika vipimo vile vya 2006, walipaa mpaka sentimita 8 hivi kwenda juu, na wanaotupwa nyuma wakafika karibu sentimita 40.

Watoto wa Pemba wote wanawajua wale wadudu wanaochimba vishimo vya mchanga vyenye umbo la faneli, chini ya uvungu wa nyumba na pembezoni mwa ukuta, wakakaa chini kabisa wakisubiri chungu ateleze. Tulikuwa tukiwachokoza kwa jani la mnazi ili wajitokeze. Mwaka 2015 watafiti Larabee na Suarez waliwatia chungu wa taya za mtego kwenye vishimo kama hivyo na kuangalia nani anatoka. Waliozuiwa taya zao kwa gundi, uwezo wao wa kutoka hai ulipungua karibu nusu. Niliposoma hilo niliondoka mezani nikaenda nje kuvitazama vishimo vya ukutani kwangu. Miaka yote ile nilidhani nawachezea wadudu wa mchanga, na kumbe nilikuwa naangalia mahakama.

Mwanafunzi mmoja akauliza swali ambalo hata sasa naliona ndilo lililonifundisha zaidi: "Mwalimu, hizo taya zilikuja ili wapate kuruka?"

Hapana. Taya zilikuja kwa ajili ya kukamata windo. Kuruka kulipatikana baadaye, kwa sababu taya tayari zilikuwa na nguvu ya kupita kiasi na ardhi ilikuwepo chini yake. Chungu hakukaa akawaza "nitaruka", wala hakujitahidi mpaka akaweza. Katika kila kizazi taya hazilingani. Wengine zao zina kasi zaidi kidogo, kundi lao linapata chakula zaidi na kunusurika zaidi, na linazaa malkia wengi zaidi wanaorithi taya zile. Muda ni mrefu mno. Chungu wako duniani zaidi ya miaka milioni 100, na asili yao ni nyigu. Mtu anaposema "maumbile yametengeneza" kwa haraka, muda huo ndio anaousahau.

Lakini nilikuwa bado sijafika kwenye chungu wanaoruka kwa miguu. Hao hawako Pemba. Yupo Harpegnathos saltator wa India, mwenye macho makubwa na taya ndefu zilizopinda juu. Jina lake la pili kwa Kilatini ni mrukaji, alipewa na mtaalamu wa wanyama, Jerdon, mwaka 1851. Yupo Gigantiops wa misitu ya Amerika ya Kusini, macho yamechukua karibu upande mzima wa kichwa, na wakati wa kuruka hulirusha tumbo lake mbele. Wapo baadhi ya Myrmecia wa Australia, ambao mwiba wao umewahi kuua watu wenye mzio. Na ndani ya Odontomachus wenyewe, ndugu wa hawa wa Ngezi, yupo wa Asia aitwaye rixosus anayeruka mbele kwa miguu. Jenasi nne tu, na hazina ukaribu baina yao. Babu yao wa pamoja hakuwa mrukaji. Kila ukoo ulifika kwenye kuruka kwa njia yake.

Hapa Pemba tunao mfano wetu. Popo wa Pemba, yule mkubwa wa Kidike asiyepatikana kisiwa chengine chochote duniani, anaruka angani. Kipanga naye anaruka angani. Lakini popo amepanua ngozi baina ya vidole vyake, kipanga ameotesha manyoya kwenye mkono. Ukiwaona jioni moja juu ya mwembe mmoja, usiseme wamerithi mabawa kwa babu mmoja.

Mwaka 2023 watafiti wakiwemo wa taasisi ya Okinawa, Japani, walichapisha kazi ambayo niliisoma polepole, na kamusi pembeni, kwa wiki mbili. Waliwapiga chungu hawa eksirei za kuonesha ndani kwa pande zote tatu, wakapima kila msuli, wakawalinganisha na jamaa zao wasioruka. Mguu wa chungu unaanzia kwenye kipande kinachoitwa koksa, kisha kijipande kifupi kinachoitwa trokanta, ndipo yanafuata mapaja na mengine. Uko msuli mmoja unaoishusha trokanta, yaani unaousukuma mguu chini dhidi ya ardhi. Kila chungu anao, hata huyu anayepita kwenye sukari yako sasa hivi, anautumia kutembea. Kwa warukaji, msuli huo katika miguu ya kati na ya nyuma ni mkubwa mara 3 hadi 5 ukizingatia ukubwa wa mwili. Nyuzi zake ni fupi na nyingi, na hilo huongeza nguvu. Msuli mwengine, wa kuivuta koksa nyuma, umepungua. Miguu ya nyuma ni mirefu zaidi. Hakuna kiungo kipya. Hakuna kilichoongezwa ambacho asiyeruka hana.

Nilitarajia nikute manati nyengine. Panzi anayo kwenye goti, kiroboto anayo kifuani, ya dutu inayonyumbulika iitwayo resilini. Lakini walipopiga hesabu ya kazi inayohitajika na nguvu ya misuli iliyopo, kwa spishi tatu walizokuwa na vipimo vya miruko yao, misuli peke yake ilitosha. Chungu hawa wanalirusha jiwe kwa mkono. Wamenenepesha mkono tu.

Na nafasi ya kunenepesha waliipata wapi? Kazi nyengine, ya 2020, ililieleza hilo kwa namna iliyonifurahisha sana. Malkia wa chungu ana mabawa, na kifua chake kimejaa misuli ya kurukia angani. Chungu mfanyakazi hana mabawa. Kifua chake kimeondolewa misuli ile, na nafasi iliyobaki imepangwa upya: misuli ya shingo imekua ili abebe mizigo, misuli ya miguu imepata pa kukaa. Kwanza chungu mfanyakazi alipoteza kuruka angani. Katika nafasi iliyoachwa na hasara ile, koo chache zikaja kupata kuruka ardhini.

Kwa nini basi maji moto wetu hawaruki? Hili ni wazo langu, nimelifikia kwa kukaa chini ya mikarafuu, nalisema kama wazo langu. Harpegnathos, Gigantiops na Myrmecia wana tabia moja: hutoka kuwinda mmoja mmoja, na hutegemea macho. Maji moto hufuata harufu iliyowekwa na wenzake juu ya gome. Akiruka, ameiacha njia, na njia ndiyo kila kitu chake. Tena akikutana na pengo ana dawa yake. Nimewaona wakifika ncha ya jani, jani la pili liko mbali. Mmoja ananing'inia, wa pili anamshika kiunoni, wa tatu anamshika wa pili, mnyororo unarefuka mpaka wa mwisho anagusa upande wa pili. Kisha wanavuta. Majani yanakutana, wanaletwa mabuu wao, na mabuu hutoa hariri ya kushonea. Pengo ambalo mrukaji angelivuka peke yake, wao wamelifunga kabisa.

Na wana heshima yao katika elimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, aliwachunguza maji moto hapa Zanzibar, akachapisha mwaka 1954. Alionesha kwamba minazi wanayoikalia inalindwa dhidi ya kunguni mmoja anayefyonza nazi changa zikaanguka kabla ya kukomaa. Kunguni huyo leo anaitwa kitaalamu Pseudotheraptus wayi, kwa jina lake. Kwenye mikarafuu Way alichunguza pia urafiki wa maji moto na wadudu gamba wanaowapa utamu. Nilikuwa nimesoma mpaka chuo bila mtu kuniambia kwamba chungu walioniuma utotoni, kwenye visiwa hivi hivi, wamo katika vitabu vya dunia nzima.

Mwezi uliopita nilikwenda shamba na ami. Sasa ni mzee, hapandi tena, anakaa kwenye gogo na bakora yake na anasimamia kwa macho. Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa nasi. Nilikuwa nimeliahirisha jambo hili muda mrefu, maana si rahisi kumwambia mtu aliyekulea kwamba alilokufundisha si sahihi. Nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamweleza yote: buibui, Ngezi, taya, misuli.

Alinyamaza kidogo. "Minane?"

"Minane, ami."

"Nimewaambia watu wangapi mimi." Akageuza bakora mkononi. Kisha akauliza: "Na hao wa Ngezi, wenye kuruka kwa mdomo, hujua wanakoangukia?"

Nikamwambia hawajui. Wanabiringika hewani na kutua popote. Wa India na wa Amerika ndio hulenga kwa macho kabla.

"Basi hao wa Ngezi hawaruki," akasema ami. "Hao wanarushwa."

Nilitaka kumjibu, nikaona sina la kumpinga. Katika miaka yote ya kusoma sikuwa nimeyatenganisha maneno hayo mawili, na lugha yangu ilikuwa nayo tangu zamani. Nilitoa daftari nikaandika.

Mtoto alikuwa ameshaondoka, yuko kwenye shina la mkarafuu wa pili, pua karibu igusane na gome, kidole kimoja kinafuata kitu polepole. Nikasimama haraka kumtoa kabla hajaumwa, ami akanizuia kwa bakora. "Mwache."

"Moja, mbili, tatu," tulimsikia. "Nne, tano, sita." Akanyamaza. Halafu akageuza kichwa kutuangalia, kidole bado pale pale.

"Babu, na hivi viwili vya mbele alivyonyanyua, nivihesabu?"